Gari Limekuharibikia Wapi?

Pikapu moja ilipunguza mwendo, ikanipita hatua chache, ikasimama pembeni na kuwasha taa za hatari. Dirisha likashuka. Nyuma ya usukani alikuwa mama wa kizungu, mtu mzima, nywele nyeupe, na mbwa mkubwa amekaa kiti cha abiria.

Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja na nusu jioni, giza limeshaingia. Nilikuwa natembea pembeni ya Versailles Road, hapa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, upande wa nje wa New Circle, barabara ya mzunguko, mahali ambapo njia ya waenda kwa miguu inakatika na unaendelea juu ya majani.

"Mwanangu, gari limekuharibikia wapi?"

Nikamwambia hakuna gari lililoharibika. Naenda kazini.

"Kwa miguu?"

"Ndiyo, mama. Kwa miguu."

Akamsogeza mbwa nyuma, akanifungulia mlango. Akasema barabara hii si ya kutembea, watu wanakimbiza magari na koti langu ni jeusi. Nikasita, kisha nikapanda. Alinishusha mlangoni pa nyumba ya wazee ninakofanya kazi, akauliza kama nina namna ya kurudi asubuhi, akaondoka.

Alinitendea wema mtupu, na sina neno naye. Lakini swali lake lilinikaa kichwani wiki nyingi. Nilikuwa nalikuta jikoni, nalikuta nikimgeuza mgonjwa kitandani saa nane usiku.

Hakuuliza kama nina gari. Aliuliza limeharibika wapi.

## Hofu ya kwanza

Mtu mweusi anatembea gizani, gari linasimama. Aliyekaa Marekani hata mwaka mmoja anajua ni mawazo gani yanayotangulia. Kwa siku kadhaa nililipima lile swali kwa mizani hiyo: je, alinionea huruma, au aliona mtu asiyestahili kuwa pale?

Nikamsimulia mwenzangu wa zamu, mama Mmarekani mweusi aliyezaliwa East End, karibu na katikati ya mji. Mambo ya rangi yeye huyanusa mapema kuliko mimi, kakulia ndani yake. Nilitegemea aniambie nijihadhari.

Alikunja shuka aliyokuwa nayo, akaiweka, ndipo akajibu. "Huyo alikuogopea magari tu. Hapa mtu mzima akionekana anatembea kwenye barabara kubwa, watu wanajua ni moja kati ya matatu. Gari limemfia, kanyang'anywa leseni, au hana pa kulala."

"Na yule aliyeamua mwenyewe kutembea?"

"Huyo wa nne hayupo."

Hapo ndipo nilipoacha kumfikiria yule mama na kuanza kuufikiria mji.

## Mji ulivyochorwa

Lexington, Kentucky, si mji wa kutisha kwa ukubwa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 322,570. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa idadi ya watu miji hii miwili haipishani sana. Mwezi wa kwanza nilifika nikiwa na matumaini kwa sababu hiyo: huu si New York, huu ni mji wa saizi yangu, nitauzoea kwa miguu kabla sijauzoea kwa akili.

Barabara kubwa zinatoka katikati ya mji kama spoku za baiskeli, na nyingi zimepewa jina la mji zinakoelekea: Nicholasville Road, Harrodsburg Road, Richmond Road, Winchester Road, Georgetown Road. Mtu wa Dar aliyezoea Morogoro Road na Bagamoyo Road hapotei kwenye mpangilio huu. Kisha kuna New Circle, barabara inayouzunguka mji. Nje yake tena kuna Man o' War, yenye jina la farasi aliyezaliwa karibu na hapa mwaka 1917 na kushinda mbio 20 kati ya 21 alizokimbia. Ukiangalia kwenye ramani, kila kitu kipo karibu.

Kutoka nilipopanga hadi kazini ni kama kilomita tano. Tanga, kilomita tano ni baiskeli na maongezi njiani. Unapita Ngamiani, barabara ya ngapi sijui, unasalimia, unanunua muhogo wa kuchoma, unafika.

Hapa kilomita tano zile zinapita mbele ya maegesho. Maegesho ya duka la matairi, ya benki, ya kanisa ambalo uwanja wake wa magari ni mkubwa kuliko kanisa lenyewe. Kila jengo limerudishwa nyuma kabisa ili magari yakae mbele, kwa hiyo anayepita kwa miguu hapiti karibu na mlango wala dirisha la mtu yeyote. Hakuna wa kumsalimia. Wenyeji si wakali. Wapo mbali tu.

Wageni wengi tunalielewa hili vibaya. Tunapiga simu nyumbani tunasema Wamarekani hawana utu, kila mtu na lake, jirani hamjui jirani. Nimesema hivyo mimi pia, na nimesikia ikisemwa kwenye misiba na kwenye harusi zetu hapa. Sasa naona tunaulaumu moyo wa mtu kwa kazi iliyofanywa na mchoraji wa ramani. Uchukue mtaa wowote wa Ngamiani, uupasue kila nyumba ikae mita mia kutoka kwa nyingine, katikati upitishe magari ya mwendo wa kilomita themanini kwa saa, uone kama salamu zitabaki.

## Dirisha la magari

Kuna usiku mmoja nilihitaji dawa ya homa. Duka la dawa lililo karibu nami lilikuwa limefunga milango ya ndani, lakini dirisha la kuhudumia magari lilikuwa wazi na taa zinawaka. Nikalizunguka jengo, nikasimama pale dirishani.

Kijana aliyekuwa ndani aliniomba radhi kwa upole wa kweli. Kanuni hairuhusu kumhudumia mtu aliyekuja kwa miguu, kwa usalama wa huyo mtu mwenyewe. Anaweza kugongwa.

Nyuma yangu kulikuwa na gari moja, limezimwa injini, linasubiri.

Dereva wake alishuka akaniuliza ninataka nini, akarudi kwenye gari, akasogea dirishani, akaninunulia dawa yangu kwa pesa yangu na kunikabidhi. Tulishukuriana, akaenda zake.

Mara ya pili ndiyo hiyo naokolewa na mgeni mwenye gari. Jambo likaanza kuwa na sura.

## Farasi wana nafasi

Mwanzoni lawama zangu nilizitupia farasi. Ukitoka nje kidogo ya mji unaingia kwenye nchi ya kijani inayokufanya unyamaze: uzio mweusi wa mbao, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na farasi wawili watatu katika uwanja ambao nyumbani ungeitwa shamba la kijiji. Keeneland, uwanja wa mbio uliofunguliwa mwaka 1936, upo kwenye barabara hiyohiyo ya Versailles ninayoitembea. Nikawa nawaza: farasi wana ekari, mimi sina hata futi tatu za saruji pembeni ya lami.

Nilipofuatilia, hasira hiyo ikaniponyoka. Mwaka 1958 Lexington iliweka mpaka wa mji, wa kwanza wa aina yake Marekani. Ndani ya mpaka, mabomba ya maji taka na nyumba; nje ya mpaka, mashamba. Kwa hesabu ya kawaida mpaka kama huo ulipaswa kuubana mji, watu wakae karibukaribu, maduka yawe chini ya nyumba, mabasi yajae. Farasi hawakuzuia hilo. Waliojenga ndani ya mpaka ndio waliojenga kwa upana uleule wa miji isiyo na mpaka: nyumba ya familia moja, uwanja wa mbele, uwanja wa nyuma, gereji ya magari mawili, na maduka yametengwa kilomita mbili mbali na vitanda vya watu.

Mwaka 2023 halmashauri ya jiji ilikubali mpaka usogezwe nje, kwa sababu nyumba zimepanda bei na watu hawana pa kukaa. Nilifuatilia mabishano yale kwa makini. Wenye mashamba walitetea mashamba, wajenzi walitetea viwanja. Katika niliyoyasikia, ni wachache waliouliza yule atakayehamia huko ukingoni bila gari atafikaje kazini. Na wanaohamia ukingoni mara nyingi ni sisi.

## Barabara ya umma, pembeni kwa mwenye nyumba

Jambo lililonishangaza kuliko yote nililipata kwa mwenye nyumba wangu, akilalamika kuhusu gharama. Saruji ya njia ya miguu mbele ya jengo lake ilikuwa imepasuka na kuinuka kwa mizizi ya mti, na ilimpasa yeye kuitengeneza. Nikadhani ananitania. Hapana. Katika mji huu lami ya magari inatengenezwa kwa kodi za wote, lakini njia ya miguu ni jukumu la mwenye kiwanja kilichopakana nayo.

Kwa hiyo gari likiondoka Versailles likienda mashariki ya mji linapita juu ya barabara moja, ya umma, mwanzo hadi mwisho. Mtu wa miguu akifuata njia hiyohiyo anapita juu ya hiari za watu mia. Huyu katengeneza, huyu bado, huyu hana pesa, hiki kiwanja hakijauzwa kwa hiyo njia haijajengwa kabisa.

Theluji ndiyo inayoonyesha hili waziwazi. Magari ya jiji yanapita usiku, yanakwangua lami na kumwaga chumvi, na theluji yote inasukumwa pembeni. Pembeni ndipo nilipo mimi. Asubuhi barabara ni nyeusi na kavu, njia ya miguu ni ukuta wa barafu unaofika magotini. Nimewaona kina mama wakisukuma vigari vya watoto katikati ya lami kwa sababu hapakuwa na pengine pa kupita.

Haya si matokeo ya mtu mbaya aliyekaa ofisini. Hilo nalirudia kwa sababu nimeliona. Ni maamuzi madogomadogo ya miaka sabini, kila moja lina sababu yake, na hakuna hata moja lililomfikiria mtu anayetembea kwa kuwa aliyekuwa akiamua alikuja kwenye kikao kwa gari.

## Kituo ni nguzo

Mabasi yapo. Kampuni ya mji inaitwa Lextran, na nilipokuwa nikipanda nauli ilikuwa dola 1, bei ya haki kabisa. Madereva wengi ni watu wa salamu. Baadhi yao walijua zamu yangu.

Lakini njia karibu zote zinaanzia na kuishia kituo kikuu cha Vine Street, katikati ya mji. Ukikaa magharibi na kazi yako ipo kusini, unaingia kwanza katikati, unashuka, unasubiri, unapanda lingine, unatoka tena. Gari la dakika kumi na tano linakuwa basi la saa moja na zaidi. Usiku na Jumapili mabasi ni machache, na wazee hawaachi kuugua Jumapili.

Vituo vingi ni nguzo tu yenye kibao. Hakuna paa wala benchi. Unasimama juu ya majani yenye umande na uso wako umeelekea magari, na waliomo ndani yake hawakutazami.

Pale kwenye nguzo ndipo nilipoujua mji. Kulikuwa na kaka wa Guatemala aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya farasi na kusoma Kiingereza kwa sauti ya chini. Kulikuwa na mzee mstaafu wa jeshi aliyekuwa akienda hospitali ya wanajeshi wa zamani, ambaye hakukosa kuniuliza habari za mama yangu. Na kulikuwa na Wakongo, wengi. Katika shule za mji huu Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi baada ya Kiingereza, na pale kituoni kilikuwa ndiyo lugha ya kwanza. Nilikuja Marekani nikidhani nitasahau kusalimia kwa Kiswahili alfajiri. Badala yake nilijifunza kukisikia cha Uvira, cha Bukavu na cha Fizi, vyote kabla jua halijatoka.

## Lifti

Viwanda na maghala makubwa yapo nje ya mji au pembezoni. Kiwanda cha Toyota cha Georgetown, kinachounda magari tangu 1988, kimevuta viwanda vidogo vingi vya vipuri kukizunguka, na huko ndiko ajira za wageni wasiojua Kiingereza sana. Bila gari huko hufiki.

Kwa hiyo watu wameunda usafiri wao. Mwenye gari la viti saba anachukua wenzake watano au sita wa zamu moja, wanamlipa kwa wiki, pesa ya mafuta na ziada kidogo. Kanisa likiwa na basi dogo, Jumatatu hadi Ijumaa linaweza kuwa linapeleka watu kazini. Nani yupo zamu ya kwanza, nani ya pili, nani mtoto wake ana miadi ya hospitali, yote yanapangwa kwa WhatsApp usiku. Ukiwa nje ya makundi hayo huwezi kujua kwamba mji una mfumo wa pili wa usafiri, wenye ratiba na nauli, unaoendeshwa kwa kuaminiana.

Naustahi sana mfumo huo. Lakini una uchungu wake, na unasemwa kwa sauti ya chini. Dereva akiugua, watu sita wanakosa kazi. Ukikosana naye, unakosana na mshahara wako. Kuna wanawake wanaovumilia maneno wasiyoyapenda ndani ya gari kwa sababu kesho lazima wapande tena. Mama mmoja wa Uvira aliniambia, "Dada, mi sitaki kuombaka lifti kila siku. Mtu akikubebaka kila siku, siku moja ataanza kujiona ni baba yako."

Gari la kwako nalo lina mlango mgumu. Mgeni hana historia ya mikopo, benki haimjui. Anabaki na viwanja vya magari vinavyokopesha vyenyewe, riba juu, marejesho kila wiki mbili, gari lenye miaka kumi na tano. Anaongeza bima, ambayo kwa dereva mpya inauma kuliko gari. Kima cha chini cha mshahara Kentucky ni dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu 2009. Ni kweli maghala yanalipa zaidi ya hapo. Hata hivyo nimekaa na familia zetu mezani tukipiga hesabu, na mara nyingi gari ndilo mtu wa pili kwa kula baada ya kodi ya nyumba.

Watoto wanafuata nyuma yake.

## Barabara yenye jina la Oliver Lewis

Mwenzangu wa East End ndiye aliyenipeleka. Asubuhi moja baada ya zamu alinipa lifti, na badala ya kunipeleka nyumbani moja kwa moja akapitia Oliver Lewis Way, karibu na Rupp Arena, uwanja wa mpira wa kikapu. Akaniuliza kama namjua mwenye jina.

Oliver Lewis alikuwa kijana mweusi wa hapahapa kaunti ya Fayette. Mwaka 1875 alishinda mbio za kwanza kabisa za Kentucky Derby, juu ya farasi aitwaye Aristides. Siku ile wapanda farasi walikuwa 15, na 13 kati yao walikuwa watu weusi. Baadaye waliondolewa kwenye kazi hiyo, kidogo kidogo, hadi watu wakasahau kwamba iliwahi kuwa yao.

Barabara yenye jina lake ni kipande cha mradi uliolenga kuyatoa magari barabara ya Newtown Pike na kuyapitisha pembeni mwa katikati ya mji. Na njia ya mradi ule ilielekezwa Davis Bottom, makazi walikohamia watu weusi walioachwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mpango ulikaa mezani kwa miongo. Kwa miaka yote hiyo mtaa uliishi ukisubiri kuvunjwa. Nani atapaka rangi nyumba inayosubiri tingatinga?

Mwisho wake una jambo jema pia, na mwenzangu alisisitiza nilisikie. Wakazi walidai wasihamishwe tu, na ikaundwa amana ya ardhi ya jamii, chombo cha kuishika ardhi kwa niaba ya wakazi, ili nyumba mpya zijengwe palepale na watu wa pale waweze kubaki. "Walipigana," alisema. "Usisikie nusu ya kwanza ukaondoka."

Nilikuwa nimeufikiria mji huu kama kitu kilichoshushwa tayari, mimi nikaja nikakikuta. Asubuhi ile, ndani ya gari la mwenzangu, niliona kwa mara ya kwanza kwamba kila mita ya lami iliwahi kuwa swali lililojibiwa na watu, na kwamba kuna waliobishana na jibu likabadilika.

## Nyuma ya usukani

Sasa nina gari. Siwezi kusema ni jambo dogo. Usingizi wangu umeongezeka. Nanunua gunia la mchele la kilo ishirini bila kuhesabu nitalibebaje. Nimeuona mto Kentucky kwa chini, kwenye magenge yake. Binti ya dada yangu akiumwa shuleni namfuata ndani ya dakika kumi, na raha ya kuweza kufanya hivyo hainitoki.

Na nimeelewa alichokiona yule mama.

Ukiwa kwenye usukani usiku, barabara ile ni mfereji wa taa. Macho yako yanasoma taa nyekundu za mbele na taa nyeupe za kioo. Mtu anayetembea haonekani kama mtu. Ni giza lililosogea. Moyo unaruka kabla akili haijajua ni nini. Yule mama aliuona mwili wangu mahali ambapo barabara haikutarajia mwili, na akafanya kitu pekee alichoweza kufanya, akanitoa pale.

Nilichopoteza nacho nakijua kwa majina ya nyuso. Yule mzee wa jeshi sijui anaendeleaje. Yule kaka wa Guatemala sijui kama alifanya mtihani wake. Naishi mji uleule, napita mbele ya nguzo ileile, lakini napita kwa kasi isiyoruhusu salamu.

Nyakati fulani mji wenyewe unasahau. Usiku wa mechi ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu, katikati ya mji kunajaa watu maelfu waliovaa bluu, wanatembea kutoka walikoegesha hadi Rupp Arena. Wazee wameshikana mikono na wake zao, watoto mabegani, watu wasiojuana wanasemezana. Jumamosi nyingine utawaona watu wamefunga baiskeli nyuma ya magari, wanaendesha hadi mwanzo wa Legacy Trail, njia ya baiskeli na miguu, wanaendesha baiskeli kwa raha, kisha wanazifunga tena na kurudi nyumbani kwa gari. Siwezi tena kuamini kwamba Wamarekani hawapendi kutembea. Wanapenda sana, hadi wanasafiri kwenda kukutafuta kutembea.

## Wema unaofanya kazi ya barabara

Wiki zile zote nilikuwa nazunguka jambo moja, na nadhani sasa naweza kulisema.

Mji huu una watu wema wengi mno. Mama wa pikapu, dereva wa duka la dawa, mwenzangu wa zamu, shemasi anayeamka saa tisa usiku kuwasha basi la kanisa. Siku moja nikajaribu kufikiria Lexington bila watu hawa na nikaona kwamba maisha ya maelfu ya watu yangesimama kabla ya saa sita mchana. Lakini wema huo umetumwa kazi isiyokuwa yake. Unafanya kazi ya njia ya miguu. Unafanya kazi ya basi la usiku, ya taa, ya kibanda cha kusubiria. Na wema wa mtu una mipaka ambayo saruji haina: unachagua, unachoka, una safari zake, na mara nyingine unadai.

Mimi nilipata lifti kwa sababu mtu mwema alipita dakika ile. Nyuma yangu walitembea wengine ambao hakupita mtu.

Wifi yangu hakubaliani nami. Yeye anasema ninataka kuirudisha Tanga mahali isipotakiwa. Watu wetu, anasema, hawakuvuka bahari ili wajengewe njia ya miguu. Wanataka gari, na akishapata gari mtu anapumua, habari imekwisha. Tumebishana hili zaidi ya mara moja, na kuna sehemu ya hoja yake siwezi kuipangua. Mama wa Uvira hakuniomba paa la kituo. Aliniomba nimfundishe kuendesha.

Kwa hiyo namfundisha. Jumamosi asubuhi maegesho ya kanisa yanakuwa matupu, tunaweka ndoo mbili na anazizunguka, anarudi nyuma, anasimama, anaanza tena. Ana mkono mtulivu kuliko nilivyokuwa nao. Maswali ya mtihani wa maandishi tunayapitia kwenye simu yake, mimi nasoma, yeye ananieleza kwa Kiswahili chake kwa nini jibu ni lile. Wenzake wawili wamejiunga naye.

Na Jumatatu nilipiga 311, namba ya huduma za jiji. Nilieleza kipande cha Versailles Road ninachokijua, kuanzia pale saruji inapokatika hadi kituo kinachofuata cha basi, kwamba watu wa zamu wanapita pale gizani asubuhi na jioni, na kwamba kunahitajika njia na taa. Dada aliyepokea aliandika yote, akanisomea tena kuhakikisha. Kisha akaniuliza kama mbele ya kipande hicho kuna nyumba, kiwanja kitupu au biashara, ili wajue ni cha nani.

Nimemwambia nitakwenda kuangalia na kumpigia tena.